Nani hasa ameamua kuunganisha idara yetu?

*"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, na ni mwakilishi wa wanafunzi kwenye bodi ya kitivo. Wiki chache zilizopita tulisikia kwamba idara yetu, ambayo ni ndogo, itaunganishwa na idara nyingine kubwa. Tulimwendea mkuu wa idara, akasema jambo liko kwa amidi, yaani mkuu wa kitivo. Amidi akasema ni la Seneti. Mjumbe mmoja wa Seneti akatuambia ni la Baraza la Chuo kwa sababu linagusa bajeti. Tumemwandikia barua Makamu Mkuu wa Chuo, hatujajibiwa. Wenzangu wengine wanataka tumwandikie Mkuu wa Chuo mwenyewe, kwa kuwa ndiye bosi wa wote. Wengine wanataka tugome. Mimi naona aibu, maana nimechaguliwa kuwasemea na sijui hata mlango wa kubisha. Je, kiti changu kwenye bodi ni pambo tu? Na ni nani hasa anayeamua?"*

Marahaba, mwanangu. Aibu hiyo iondoe kabisa. Nimefanya kazi ya ukatibu wa vikao vya vyuo vikuu kwa miaka mingi, na nimewaona maprofesa wenye mvi wakiuliza swali hilohilo katikati ya kikao. Umeuliza mambo mawili, nani anaamua na kiti chako kina faida gani, lakini nahisi chini yake kuna la tatu ambalo wenzako ndilo linalowanyima usingizi: je, shahada tuliyokuja kuisoma tutaimaliza kama tulivyoahidiwa? Nitayajibu yote, na hilo la tatu nitalipa nafasi yake.

Kwanza, waliokuzungusha si lazima wawe wamekudanganya. Kila mmoja amekupa kipande cha ukweli. Chuo kikuu kimejengwa makusudi ili uamuzi kama huu usishikwe na ofisi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ukitafuta mtu mmoja aliyeamua, utazunguka mwaka mzima. Kosa lao ni kwamba hakuna aliyekaa nawe akakueleza njia nzima.

Vyuo vikuu vingi duniani vina vyombo viwili vikuu. Kimoja ni Baraza la Chuo, ambalo kisheria ndilo lenye chuo: mali, bajeti, mikataba, ajira, na mara nyingi hata uteuzi wa Makamu Mkuu, au angalau mapendekezo yake. Wajumbe wake wengi hutoka nje ya chuo. Sheria ya elimu ya juu ya Afrika Kusini ya mwaka 1997, kwa mfano, inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wa baraza wasiwe waajiriwa wala wanafunzi wa chuo hicho. Cha pili ni Seneti, ambayo kwingine huitwa baraza la taaluma. Huko wanakaa wanataaluma, na mamlaka yao ni juu ya elimu yenyewe: mitaala, mitihani, sifa za kudahiliwa, na nani anastahili shahada. Makamu Mkuu, ambaye kwingine huitwa rekta au rais wa chuo, husimama katikati: kwa kawaida ndiye mwenyekiti wa Seneti, na papo hapo ni mjumbe wa Baraza na anawajibika kwa Baraza hilo.

Mgawanyo huu una mizizi mirefu. Bologna, Italia, katika karne za mwanzo za chuo chake, chama cha wanafunzi ndicho kilichotawala. Wanafunzi walimchagua rekta miongoni mwao, wakawatoza faini walimu waliochelewa kuanza kipindi, na mwalimu hakuruhusiwa kutoka mjini bila ruhusa yao. Paris ilikuwa kinyume chake: walimu ndio walioshika chama, na mfano huo ndio ulioenea zaidi Ulaya ya kaskazini. Huko Bologna nguvu ya wanafunzi ilipungua pale mji ulipoanza kulipa mishahara ya walimu, kwa sababu mlipaji alitaka sauti. Mvutano huo haujaisha hadi leo. Anayelipa anadai kuamua, anayefundisha anasema wewe hujui somo, na anayesoma anasema maisha yanayochezewa ni yangu. Vyombo vinavyokuchanganya leo ni mapatano kati ya madai hayo matatu, na kila nchi imepatana kwa namna yake. Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 1973 kwamba katika mambo ya utafiti na uteuzi wa maprofesa, kundi la maprofesa lazima liwe na sauti ya kukata shauri. Denmark ilikwenda njia nyingine kwa sheria ya mwaka 2003: bodi zenye wajumbe wengi kutoka nje, na marekta wanaoteuliwa na bodi badala ya kupigiwa kura na wanachuo.

Sasa tazama jambo lenu. Kuunganisha idara kunagusa pande zote mbili. Kwa upande mmoja ni muundo, ajira na fedha, kwa hiyo ni la Baraza. Kwa upande mwingine ni mitaala na shahada, kwa hiyo ni la Seneti. Ndiyo maana mjumbe mmoja anakuambia ni la huku, mwingine la kule. Katika vyuo vingi utaratibu ni kwamba Seneti inatoa ushauri au pendekezo, na Baraza linatoa idhini. Kwenu ikoje, hilo limeandikwa kwenye hati idhini ya chuo, yaani waraka wa kisheria unaokiruhusu kuwepo, na kanuni zake. Nenda kazisome leo. Ni nyaraka za wazi, maktaba huwa nazo, na kifungu unachokitafuta huwa cha sentensi chache tu: kuanzisha, kuunganisha na kufuta idara na vitivo.

Kuhusu Mkuu wa Chuo, yaani chansela: wenzako wanamwona bosi wa wote kwa sababu cheo chake ndicho cha juu na ndiye anayetunuku shahada siku ya mahafali. Katika vyuo vilivyofuata mfumo wa Uingereza, cheo hicho ni cha heshima zaidi kuliko utendaji. Ziko nchi ambazo sheria inampa madaraka fulani ya uteuzi au ya kuitisha ukaguzi, lakini hakai kwenye vikao vinavyojadili idara. Barua yenu ikimfikia, itakachofanya ofisi yake ni kuirudisha kwa Makamu Mkuu ili aitolee maelezo. Mtakuwa mmepoteza muda ambao mnauhitaji sana.

Na Makamu Mkuu? Ana nguvu nyingi, lakini si za kuamka asubuhi na kuifuta idara. Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 2006, uongozi ulileta mageuzi ya kuliwekea baraza la chuo wajumbe wengi kutoka nje. Mkutano wa wanataaluma, ambao wao huuita Congregation, uliyakataa, na hayakupita. Nguvu ya kila siku ya Makamu iko mahali pengine: ndiye anayesimamia nini kinaandaliwa, kinaletwa kikao gani, lini, na kikiwa kimeandikwaje. Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini kuliko popote.

Uamuzi wa chuo husafiri kama waraka. Mara nyingi huanzia kwenye kamati ya mipango na fedha, ambako mtu ameonyesha kwamba idara fulani ina walimu wachache, wanafunzi wachache, na gharama kubwa. Anateuliwa mtu au kikosi kidogo kuandika pendekezo. Waraka unapita bodi ya idara, bodi ya kitivo, kamati ya Seneti, Seneti yenyewe, kamati ya fedha ya Baraza, ndipo Baraza. Ukifika huko juu una mihuri ya vikao vitano, umebanwa katikati ya makabrasha mazito ambayo wajumbe wamepewa siku chache kabla, na mjumbe kutoka nje ambaye hajawahi kuingia darasani kwenu anaukuta umekwisha pendekezwa na wataalamu. Atakuwa na sababu gani ya kuukataa? Kura ya Baraza ni halali na ni lazima, lakini umbo la uamuzi lilishafinyangwa chini, na watu watatu au wanne waliokaa mezani kuandika rasimu ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi: swali lako la kwanza kesho liwe, "Waraka uko kikao gani sasa hivi?"

Ukiupata, usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho, kwenye aya inayoanza "Kikao kinaombwa". Hapo ndipo utajua kinachotakiwa. Kikao kikiombwa kupokea taarifa, hakuna uamuzi utakaofanyika hapo na mkizozana mtakuwa mnazozana bure. Kikiombwa kutoa maoni, bado mlango uko wazi. Kikiombwa kupendekeza kwa chombo cha juu, hapo ndipo penye uzito mkubwa kwenu, kwa sababu pendekezo la bodi ya kitivo likishaandikwa, waliopo juu watalitaja kama ridhaa yenu. Halafu rudi nyuma utafute sehemu mbili: athari za kifedha, na wadau walioshirikishwa. Kwenye hiyo ya pili soma neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa kwamba wanafunzi walishirikishwa na nyinyi hamkuwahi kuitwa, basi mna hoja yenye nguvu kuliko saini elfu moja kwenye barua, kwa sababu waraka wenye taarifa isiyo ya kweli haupaswi kwenda mbele mpaka urekebishwe. Hoja hiyo iseme kwa adabu, kwa maandishi, kwa katibu wa kikao, kabla ya siku ya kikao.

Ipo pia sehemu ya ajenda ambayo wawakilishi wengi wageni hawaijui. Vikao vyenye mambo mengi hutenga mambo ya kupitishwa bila mjadala, yakapita yote kwa pamoja kwa mwenyekiti kuuliza kama kuna pingamizi. Mara nyingi ni mambo madogo kweli. Lakini mjumbe yeyote, nawe ni mjumbe, kwa kawaida ana haki ya kuomba jambo litolewe hapo lijadiliwe. Uliza kanuni za vikao zenu zinataka uombe mapema kiasi gani. Na kikao kikipitisha usilolikubali, omba maoni yako yaingie kwenye kumbukumbu. Kikao kijacho, kumbukumbu zikija kuthibitishwa, hakikisha yamo. Chombo cha juu husoma kumbukumbu. Hakikusikia sauti yako, kitaona maandishi yako.

Basi kiti chako ni pambo? Hapana. Watu walipigania viti hivi. Wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma mwaka 1918 wakidai sehemu katika uendeshaji wa chuo, na mageuzi yale yakaenea Amerika ya Kusini. Ufaransa, baada ya vuguvugu la Mei 1968, sheria ya elimu ya juu iliyopitishwa mwaka huohuo iliwaingiza wanafunzi kwenye mabaraza ya vyuo. Lakini lazima nikuambie ukweli wote: karibu kila mahali wanafunzi ni wachache mezani, na kwa kura peke yake hamtashinda. Mnashinda kwa kuleta kitu ambacho hakuna mwingine mle ndani anacho. Amidi hajui kwamba somo la lazima la mwaka wa tatu linafundishwa na mwalimu mmoja tu ambaye mkataba wake unakaribia kwisha. Ofisa wa fedha hajui kwamba ratiba ya idara ile kubwa inagongana na vipindi vyenu vya maabara. Nyinyi mnajua, kwa sababu mnaishi humo. Kaa na wenzako jioni moja, orodhesheni kila mwaka wa masomo, idadi ya wanafunzi, masomo ya lazima yaliyobaki, na wale wanaorudia. Ukurasa mmoja wa namna hiyo nimeuona ukibadili mwelekeo wa kikao chenye maprofesa zaidi ya ishirini.

Kiti hicho kina mipaka yake pia, na usiichukulie kuwa dharau. Yakifika matokeo ya mtihani ya mtu mmoja mmoja, au kesi za nidhamu, wawakilishi wa wanafunzi huombwa kutoka nje. Ni kulinda siri za wenzenu. Na waraka uliowekewa alama ya siri usiupige picha na kuusambaza kwenye makundi ya simu. Najua kishawishi kilivyo. Ukifanya hivyo utajiweka kwenye hatari ya kinidhamu, na utawapoteza walimu waliokuwa tayari kukusemea. Yasiyo ya siri, waeleze waliokuchagua mapema na kwa ukamilifu.

Sasa lile la tatu. Si kila muungano ni ubaya. Idara ya walimu watano, wawili wakienda masomoni, hubaki ikiyumba. Ndani ya idara kubwa inaweza kupata kinga ambayo peke yake haina. Lakini "kuunganishwa" kuna maana nyingi, na hamjaniambia ni ipi. Inaweza kuwa ofisi moja na mkuu mmoja, huku shahada zote zikibaki. Inaweza kuwa masomo ya hiari yanapunguzwa. Inaweza pia kuwa shahada yenu inafungwa polepole, kwa kutodahili wapya. Hilo la mwisho ni jambo la kitaaluma kabisa: lazima lipite Seneti, na mara nyingi mamlaka ya ithibati ya nchi, yaani inayotambua shahada za vyuo, nayo hutaka kujulishwa. Ulizeni kwa maandishi ni lipi kati ya hayo, na msikubali kujadili muungano kwa ujumla wake kabla ya kujibiwa.

Hata kama ni hilo la mwisho, mna jambo la kudai ambalo viongozi wengi wa chuo watalikubali, maana ni haki tupu: masharti ya mpito kwa wanafunzi waliopo. Yaandikwe ndani ya waraka uleule, si kwa ahadi ya mdomo ya amidi ambaye kesho atamaliza kipindi chake. Kwamba kila aliyedahiliwa atamaliza kwa mtaala aliodahiliwa nao. Kwamba jina la shahada kwenye cheti halitabadilika kwake. Kwamba masomo ya lazima yataendelea kutolewa hadi kundi la mwisho litoke, wakiwemo wanaorudia mwaka na walioahirisha kwa ugonjwa au uzazi. Kwamba yupo mwalimu anayetajwa kwa cheo atakayesimamia hayo. Kama ningekuwa na nafasi ya kuwapa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu. Kuuzuia muungano wenyewe kunategemea mengi yasiyo mikononi mwenu. Masharti haya mnaweza kuyapata.

Barua yenu kwa Makamu Mkuu haikuwa kosa, ila nadhani ilikuwa ndefu na ilidai kila kitu. Andikeni upya, ukurasa mmoja, ombi moja: nakala ya waraka, au nafasi ya kusikilizwa na kamati kabla pendekezo halijaenda Seneti. Nakala ipelekeni kwa katibu wa Seneti na kwa amidi. Katibu ni mtu wa kumjua. Hapigi kura, lakini anajua kila waraka ulipo na tarehe ya kufunga ajenda. Watafuteni pia wajumbe wa Seneti waliochaguliwa na wanataaluma wenzao. Hao wana uhuru zaidi wa kusema kuliko wanaoingia kwa vyeo, na mara nyingi wanatafuta ushahidi ambao nyinyi mnao.

Mgomo sitaudharau, kwa sababu nimekutajia Córdoba. Mgomo huvuta macho, na pale ambapo milango yote imefungwa kwa makusudi, umewahi kuifungua. Lakini unavuta macho bila kuandika sentensi hata moja kwenye waraka, unaweza kusimamisha masomo ya watu wasio na akiba ya muhula mwingine, na wanaosimamishwa chuo huwa ni waliosimama mbele. Nyinyi bado hamjabisha milango ya ndani. Mkigoma sasa, mtu ataulizia mlileta hoja gani kwenye bodi ya kitivo, na jibu litakuwa hamna.

Yapo mambo ambayo barua yangu haitoshi, ukae uso kwa uso na mtu. Ukipokea wito wowote wa kinidhamu, au mtu akikutishia matokeo yako kwa sababu ya unayoyasema kwenye bodi, nenda siku hiyohiyo kwa mshauri wa wanafunzi na kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, na usiende kwenye kikao cha nidhamu peke yako. Ikiwa Baraza limekwisha idhinisha bila kupitia Seneti pale ambapo kanuni zinataka lipitie, muone mwanasheria, au kituo cha msaada wa sheria kama kitivo chenu cha sheria kinacho. Mahakama kwa kawaida haziingilii kama muungano ni wa busara au la. Zinaangalia kama utaratibu ulifuatwa na kama waliostahili kusikilizwa walisikilizwa. Muda wa kufungua maombi hayo ni mfupi katika nchi nyingi, kwa hiyo msingoje muhula uishe. Mpelekeeni mwanasheria hati idhini, kanuni za vikao, waraka wenyewe, kumbukumbu za vikao ulizonazo, na nakala za barua zenu zikiwa na muhuri wa kupokelewa. Kama barua mliyokwisha peleka haina muhuri huo, rudini masjala mkagongewe kwenye nakala yenu.